Niandikie na Jina Langu

Kama umesoma chuo hiki hata semesta moja, ujumbe huu umeshaupokea au umeshautuma: "Oya, niandikieni na jina langu, niko njiani." Unaingia kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, kazi inatakiwa kesho saa mbili asubuhi, na mwenye ujumbe huo mara ya mwisho kuonekana ilikuwa siku mhadhiri anagawa vikundi. Mwingine ana mbinu ya kistaarabu zaidi: "Mimi nitatoa hela ya kuprinti." Asubuhi kava inatoka na majina kumi yamepangwa vizuri, namba za usajili pembeni, na asiyejua anaweza kuamini kwamba watu kumi walikaa meza moja wakaumiza vichwa.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Nina miaka 22, na kwa muda mrefu kitu nilichokijua kuliko vyote hakikuwa Kiswahili wala Historia. Ilikuwa gemu. Nataka kulizungumza suala hili la majina kupitia huko, kwa sababu watu wa gemu wamegombania jina kwa zaidi ya miaka arobaini. Wameacha kazi kwa ajili yake, wamepelekana mahakamani, wengine wamelificha ukutani kama mtu anayeficha hela chini ya godoro. Sisi tunaogombania maksi ishirini za kazi ya kikundi tuna la kujifunza kwao.

Mtaani kwetu kibanda cha gemu kilikuwa nyuma ya duka la mkaa. Pleistesheni mbili, TV za chogo, pedi zilizofungwa kwa raba. Tulilipa kwa mechi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kutazama kitu kisichochezeka. Gemu ikiisha na majina yakianza kupanda kwenye kioo, watoto wote walipiga kelele: "Ruka! Ruka!" Mimi nilikuwa naomba waache kidogo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilitambua kwamba mbele ya kila jina kuna kazi: huyu kachora, huyu katunga muziki, huyu kajaribu gemu kuona kama ina kasoro, huyu katafsiri. Kabla ya hapo nilidhani gemu inatoka kiwandani kama sabuni.

Nilipokua na kuanza kusoma historia yake, nikagundua kwamba kulikuwa na wakati hata mabosi wa kampuni za gemu walifikiri hivyo hivyo, kama mtoto wa nyuma ya duka la mkaa.

Twende California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Atari ilitoa mashine yake ya nyumbani mwaka 1977, ile iliyokuja kujulikana kama Atari 2600. Unachomeka kaseti, unawasha TV, unacheza. Leo gemu kubwa inatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Wakati ule mtu mmoja alifanya yote. Alibuni mchezo, akachora, akatengeneza milio, akaandika programu nzima, na vyote hivyo vilipaswa kuingia kwenye kaseti yenye kilobaiti 4 au pungufu. Picha moja uliyotumiwa leo asubuhi kwenye simu haiwezi kukaa humo.

Pamoja na kazi yote hiyo, kwenye boksi hakukuwa na jina lake. Kulikuwa na jina la Atari, basi. Hesabu ya wakubwa ilieleweka: wakijulikana, washindani watawachukua, na wao wenyewe watajiona wa maana na kudai zaidi.

Wanne kati yao, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, siku moja waliona karatasi ya mauzo ya kampuni ikionyesha kila gemu imeingiza kiasi gani. Wakajumlisha. Wanasimulia kwamba walikuta gemu zao wanne tu zimeleta zaidi ya nusu ya mauzo ya kaseti, na wao wako kwenye mshahara wa kawaida. Wakaenda kwa mkubwa wa kampuni, Ray Kassar, wakaomba kutambuliwa na kupata sehemu ya mapato. Kwa maelezo yao, waliambiwa kwamba umuhimu wao hauzidi wa mtu anayeunganisha kaseti kiwandani.

Sina neno baya kwa mtu wa kiwandani. Naye hakuandikwa popote. Lakini wale wanne hawakungoja. Mwaka 1979 waliondoka na kushiriki kuanzisha Activision, kampuni ya kwanza kutengeneza gemu za kuchezwa kwenye mashine za wengine. Walikuja na utaratibu ambao Atari ilikuwa imeukataa: jina la mbunifu liliandikwa, na kwenye kijitabu cha maelezo akawekwa picha yake na ushauri wake kwa mchezaji. Atari ikawashtaki. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1982, na kampuni hiyo ikaendelea. Mwaka huo huo David Crane alitoa Pitfall!, gemu ya jamaa anayeruka mashimo na mamba msituni, ikauza zaidi ya nakala milioni 4. Na watu walijua ni ya nani.

Sasa kuna mwingine ambaye hakwenda kwa mkubwa yeyote. Warren Robinett alikuwa ndani ya Atari hiyo hiyo, akitengeneza gemu iliyoitwa Adventure. Unazunguka kwenye majumba, unakwepa majoka, unatafuta kikombe cha kichawi. Mshahara wake ulikuwa kama dola 22,000 kwa mwaka, bila senti ya nyongeza hata gemu iuze vipi. Alichofanya ni kujenga chumba kimoja cha ziada ndani ya gemu na kutomwambia mtu, hata wenzake. Ili ukifikie, lazima uokote nukta moja ndogo yenye rangi ile ile ya sakafu, usiyoweza kuiona, uipeleke mahali fulani ukutani. Ukifanikiwa unaingia kwenye chumba kitupu, na humo kuna maandishi yanayobadilika rangi: imetengenezwa na Warren Robinett.

Akamaliza kazi, akaacha kazi, akaondoka. Gemu ikaingia sokoni, na kijana wa miaka 15 kutoka Salt Lake City ndiye aliyegundua chumba kile na kuiandikia Atari barua. Ndani ya kampuni wakataka kukifuta. Wakaambiwa gharama ya kutengeneza upya chipu ya kaseti ingekuwa kama dola 10,000. Mmoja wao akasema, tuache, watu wapende kutafuta vitu kama hivi, ni kama mayai ya Pasaka ambayo watoto wa kwao hufichiwa bustanini. Mpaka leo kitu chochote kilichofichwa ndani ya gemu au filamu kinaitwa yai la Pasaka. Wanaocheka wakilipata ni wengi, wanaojua kwamba jina hilo lilienea kwa sababu ya mtu aliyenyimwa haki ya kusaini kazi yake ni wachache.

Kwangu mimi mwanafunzi wa ualimu, utamu wa habari hii unakuja baadaye. Baada ya Atari, Robinett alishiriki kuanzisha kampuni ya gemu za elimu, The Learning Company, na mwaka 1982 yeye na Leslie Grimm wakatoa Rocky's Boots. Hii inamfundisha mtoto kuunganisha saketi za mantiki, zile za "na", "au" na "si" zilizomo ndani ya kompyuta, kwa kuzicheza na kuziona zikifanya kazi. Yaani miaka ile ambayo wengi tungedhani kompyuta ni ya wanasayansi tu, kulikuwa na zana ya kufundishia nzuri kiasi hicho. Na aliyeitengeneza ni yule yule wa chumba cha siri, safari hii bila haja ya kujificha.

Mambo haya hayakuwa ya Marekani peke yake. Nenda Japani miaka ya 1980. Kampuni nyingi za gemu ziliwaruhusu wafanyakazi kuandikwa, lakini kwa majina ya utani, kwa hofu ile ile kwamba washindani watawajua na kuwachukua. Mega Man ya mwaka 1987, kutoka Capcom, muziki wake ulitungwa na Manami Matsumae, dada aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II ya mwaka 1991 ni ya Yoko Shimomura. Kama ulipitia kibanda chochote cha gemu utotoni, muziki ule uko kichwani mwako sasa hivi, unaweza hata kuupiga mluzi. Lakini mchezaji aliyesubiri mpaka mwisho aone ni kazi ya nani alikutana na jina la utani. Shimomura baadaye alihamia Square, akatunga muziki wa Kingdom Hearts, na leo jina lake halisi linajaza kumbi za matamasha. Tuliupenda muziki wake miaka mingi kabla ya kumjua, na kupenda huko hakukumsaidia yeye chochote mpaka jina lilipojulikana.

Sasa turudi kwenye lugha yetu, maana nasi tumo. Mwaka 2005 studio ya Firaxis ya jimbo la Maryland, Marekani, ilitoa gemu ya Civilization IV, ambayo unaijenga himaya kuanzia enzi za mawe hadi roketi. Kiongozi wa ubunifu wake, Soren Johnson, aliwahi kuishi chumba kimoja na Christopher Tin walipokuwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford. Tin alikuwa mtunzi wa muziki, akaombwa atunge wimbo wa kufungulia gemu. Akatunga "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na walioimba ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford. Angalia hapo vizuri: mtu na rumeti wake wa zamani, na kikundi cha kuimba cha chuo. Mwaka 2009 wimbo ukarekodiwa upya na Soweto Gospel Choir kwenye albamu ya Tin, na Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy. Ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo, na ulikuwa wa Kiswahili.

Nimeusikia ukiimbwa na kwaya hapa chuoni, na baadaye nikawauliza waimbaji watatu ni wimbo wa nani. Wa kwanza alisema ni wa Afrika Kusini, kwa sababu aliona video ya watu wa Soweto. Wa pili akasema ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe. Wa tatu akasema ni wa Wazungu. Tin ni Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Na kwenye nota zilizochapishwa kuna jina jingine ambalo hata mashabiki wa gemu hawalitaji: Chris Kiagiri, aliyeyaandaa maneno hayo kwa Kiswahili. Huyu ndiye angenifaa mimi kuliko wote. Ningemtaja darasani kama mtu aliyeifikisha lugha hii mahali ambapo hakuna mwalimu wetu aliyefikiri itafika. Lakini kazi isipotajwa mwenyewe, sisi tunairahisishia: tunasema ni ya asili, na maana yake halisi ni kwamba hatutaki kuuliza.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi gemu ikiisha majina yanapanda nusu saa nzima. Kweli yanapanda. Ugomvi sasa ni nani aachwe. Mwaka 2011 ilipotoka L.A. Noire, iliyotengenezwa Sydney na studio ya Team Bondi, zaidi ya watu 100 waliofanya kazi hiyo hawakuwemo kwenye orodha au waliandikwa visivyo. Wakatengeneza orodha yao wenyewe na kuiweka mtandaoni. Mwaka 2018, Red Dead Redemption 2 ya Rockstar ilizua mjadala kama huo, kwa sababu desturi ya kampuni ilikuwa kwamba ukiondoka kabla gemu haijakamilika, jina lako linabaki nje, hata kama ulitoa jasho miaka mingapi. Baada ya kelele, kampuni iliwaweka waliobaki nje kwenye ukurasa wa shukrani wa tovuti yake. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Metroid Dread. Studio ya MercurySteam ya Hispania ilikuwa na kanuni: asiyeshiriki angalau asilimia 25 ya muda wote wa kutengeneza gemu haandikwi. Waliokuwa wamechora na kuhuisha viumbe unavyoviona kwenye kioo walikuta hawapo.

Hiyo kanuni ya asilimia 25 ndiyo iliyonikaa kichwani, kwa sababu semesta hii ilikuja mpaka kwenye kikundi chetu bila mtu kujua inatoka Hispania.

Tulikuwa kumi. Kazi yetu ilihusu elimu ya msingi kwa wote, ule mpango uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambapo watoto wengi waliingia shuleni kwa mkupuo, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Mimi nilikuwa katibu. Tulikutana mara sita. Kati yetu kulikuwa na dada mmoja anayeishi nje ya chuo, ana mtoto mchanga, na alifika mara moja tu. Siku ya kufunga kazi, kiongozi wa kikundi alipendekeza aondolewe: "Mtu kaja mara moja kati ya sita, tumwandike kwa lipi?" Wengi wakaitikia.

Shida ni kwamba dada huyo alikuwa ametutumia kurasa nne alizoandika usiku mtoto akiwa amelala. Jirani yake ni bibi mstaafu aliyeanza kufundisha enzi zile akiwa binti mdogo, na dada alikuwa amekaa naye jioni tatu akimhoji. Bibi alieleza walivyofundisha asubuhi na wao wenyewe kusomeshwa mchana, walivyoandikia ubaoni kwa mihogo mikavu chaki zilipoisha. Kurasa zetu nyingine zote tulikuwa tumezitoa kwenye madesa na vitabu vya maktaba, kama vikundi vingine vyote. Hizo nne ndizo zilizokuwa zetu. Nikasema kama yeye anatoka, mimi pia nitoeni.

Upande wa pili kulikuwa na rumeti wangu. Hakuja hata mara moja na hakuandika hata sentensi, ila usiku wa mwisho alituma ile ya hela ya kuprinti. Na huyu si mtu wa kumchukulia poa. Mwaka wa pili boom lilipochelewa, jamaa alinilisha wiki tatu. Ugali wake, mboga yake, hakuwahi kunikumbusha hata kwa utani. Sasa anaomba jina, na jina ninaliandika mimi.

Nilichofanya nilikitoa kwenye kile kioo cha nyuma ya duka la mkaa. Baada ya kava niliongeza ukurasa mmoja wenye kichwa "Nani Alifanya Nini". Majina kumi, na mbele ya kila jina kazi. Huyu alisoma na kufupisha sura fulani, huyu alitengeneza jedwali, yule dada alimhoji mwalimu mstaafu na kuandika ukurasa wa 6 hadi wa 9. Mbele ya jina langu niliandika kwamba nilipanga na kuhariri. Mbele ya jina la rumeti wangu niliandika: alilipia kuprinti na kubaindi. Nikautuma kwenye grupu saa sita usiku. Watu wanane wakasema sawa, mmoja hakujibu.

Huyo mmoja tulikutana naye steshenari asubuhi, ameshika noti, kazi inatoka kwenye mashine. Akausoma ule ukurasa akiwa amesimama. "Yaani mimi umeniandika mfadhili?" Waliokuwepo walicheka, yeye hakucheka. Alilipa, akaondoka.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri alifungua ukurasa ule, akapitisha kidole, akauliza: "Nani alimhoji huyu mwalimu?" Kisha akamwita yule dada kwa jina. Dada alisimama akazungumza kama dakika kumi bila karatasi. Darasa zima lilinyamaza, na mnajua darasa letu lilivyo na watu wengi. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kazi ya jina kwenye kava. Jina linamwambia msomaji amuulize nani. Ukiandika kumi bila kusema nani kafanya lipi, mhadhiri akiuliza swali watu kumi wanatazama viatu.

Maksi zilikuwa 14 kati ya 20, kwa wote kumi sawasawa, pamoja na mfadhili wetu. Ukurasa wangu haukubadilisha hesabu yoyote. Na rumeti wangu, tunaishi chumba kile kile. Tunasalimiana, tunaachiana ufunguo. Sufuria hatuchangii tena.

Kuna jioni huwa najiuliza kama wiki tatu za ugali hazikustahili sentensi moja ya uongo. Nimepima sana, na bado naona hapana. Deni langu kwake ni la chakula, nalilipa kwa chakula au kwa hela au kwa kumsaidia msuli wa sapu ikibidi. Nikililipa kwa kurasa za yule dada, nimelipa kwa mali ya mtu mwingine. Mkubwa wa Atari naye hakuwa na haja ya kuiba kitu. Ilitosha kuacha nafasi ya jina wazi.

Wapenzi wa "niandikieni" wana methali yao, kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, hakivunji. Lakini vile viwili vilivyovunja vinajulikana, na vingine vinane havisemi "tulivunja". Na wale wenye msimamo mkali wa "asiyekuja asiandikwe" nao wajiangalie, kwa sababu kuhesabu mahudhurio ni njia rahisi ya kukosa kuona kazi. Kwa kanuni hiyo tungemfuta aliyetubeba.

Likizo iliyopita nilikuwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari. Kidato cha pili walichora ramani ya Tanzania kwenye karatasi kubwa ya manila, watoto sita, ibandikwe ukutani. Ukuta ule ulikuwa na ramani na michoro mingine mingi iliyochakaa, na hakuna aliyejua walioichora ni akina nani wala wamekwenda wapi. Nikawaambia waandike majina yao pembeni. Binti mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, mimi nimepaka rangi Ziwa Tanganyika tu. Niandike?"

Nikamwambia aandike, na mbele yake aandike: Ziwa Tanganyika. Akainama akaandika kwa herufi ndogo sana. Waliobaki wakaanza kubishana nani kachora mpaka wa Msumbiji.